Meza ya Chini ya Bati

2 Desemba

Nesi Teuila amenishauri niandike. Anasema ukirudi nyumbani utataka kujua kila kilichotokea bandani wakati hupo. Nimemwambia mimi nilikuwa mpishi wa kantini ya shule, si katibu wa mtu. Akacheka. "Mama Loredana, andika vile unavyosema, atakusikia."

Haya, Fausto. Leo nimemwagilia okidi zako zote, hata zile zenye sura ya vitunguu vilivyosahaulika. Hakuna iliyokufa. Chura mkubwa amejilaza kwenye ndoo yako ya mbolea, nimemtoa kwa ufagio, naye akaniangalia kama mimi ndiye mgeni.

Habari yako unaijua, lakini niiandike ikae. Kiharusi kimelaza mkono wako wa kulia na mguu wake, na maneno yamevurugika. Unasema "ndiyo" pale unapotaka kusema "hapana". Jana nilikuuliza kama unataka supu zaidi, ukasema ndiyo, nikakulisha mpaka ukanitemea. Nisamehe. Nitajifunza.

4 Desemba

Joto la kupikia mkate. Mawingu yamekalia mlima, hayashuki.

9 Desemba

Nimekwenda mkutano wa chama cha okidi kwa niaba yako. Tumekula keki kavu, tumegombana, tumerudi.

Ugomvi ni majina. Glenys Hargreave, katibu wetu, amesimama na miwani yake kwenye ncha ya pua akatangaza kwamba kuanzia maonyesho ya Aprili, ua lenye jina la zamani halitatazamwa na waamuzi. Wataalamu wamepima vinasaba. Laelia wote wa Brazili, waliokuwa ukoo wao wa okidi, sasa ni Cattleya. Sophronitis nao ni Cattleya.

Kev Brodie akaropoka kutoka nyuma: "Wakimaliza hapo watakuja kuniambia mke wangu ni shangazi yangu!"

"Kevin," Glenys akamjibu, "mkeo amekuvumilia miaka yote, huenda kweli ni ndugu. Mtu baki angeshakimbia."

Ukumbi mzima ulicheka. Hata mimi, kwa mara ya kwanza tangu uugue.

Baadaye Glenys alinishika mkono. "Shoga, usijisumbue. Fausto ana vyungu vingi na wewe una hospitali. Jumamosi nakuja na penseli yangu, tutambadilishia lebo zote. Akirudi akute kazi imekwisha. Na yule chotara wake nimesikia ana ala ya ua?"

Nikamwambia ndiyo, ameanza kutoa ala, ule mfuko ambamo tumba hukua. Yule mche mmoja uliobaki katika mbegu zako zote za kuchanganya, uliyemlea tangu akiwa mdogo kama ukucha. Nilipokuuliza utampa jina gani ulisema, "Nitakuambia akichanua." Sasa anataka kuchanua na wewe huwezi kuniambia kitu. Lakini utakuwa umepona kufikia hapo. Ndiyo maana lazima nimfikishe, hata kama mengine yote yatanishinda.

Kev alinifuata mpaka kwenye gari. "Loredana, usiguse meza za Fausto mpaka arudi."

"Una wivu tu," nikamwambia. Amekuwa wa pili nyuma yako kwenye maonyesho tangu hatujapata mvi. Akavuta kofia yake akaenda.

13 Desemba

Glenys ni mtu wa kazi, tumwache hivyo hivyo. Alifika kabla sijanywa kahawa, na kopo la aiskrimu la kutilia lebo kuukuu. Yeye anachomoa, anaandika mpya, anachomeka. Mimi nafuata nyuma yake na kifagio.

Tena hakuishia kwenye lebo. "Ukoo mmoja ukae meza moja," akasema. "Waamuzi wakija kuona banda, wakute mpangilio." Basi zile za meza ya chini ya bati, karibu na kiti chako, tumezihamishia kwenye meza kubwa ya katikati, chini ya neti, pamoja na Cattleya wenzake. Siku zote nilidhani umeziweka pale chini ya bati ili uzitazame ukinywa kahawa. Nafasi imebaki, nimeweka miche yangu ya nyanya.

Tumecheka sana kwa chotara wako. Lebo yako ilisema "Laelia 4 x Sophronitis 4", kwa zile namba zako za wazazi ambazo hujawahi kumweleza mtu. Glenys akaandika jina jipya akanionyesha: "Cattleya 4 x Cattleya 4."

"Amejioa mwenyewe!" nikasema.

"Namba atatueleza akirudi," Glenys akasema. "Mwenye nazo si yupo?"

Jioni nilikaa kwenye sinki nikasugua lebo za zamani kwa magadi na sufu ya chuma mpaka zikawa nyeupe kama meno ya mtoto. Plastiki nzuri vile haitupwi. Utanisifu.

14 Desemba

Nimekupelekea picha za banda kwenye simu. Ulipoiona meza mpya ukaanza kupiga godoro kwa mkono wa kushoto. "Ndiyo! Ndiyo! Ndiyo!" Machozi yakakutoka. Na mimi nikalia, nikakubusu paji la uso.

Teuila akaja mbio. "Amefurahi au amekasirika?"

"Amefurahi," nikasema. Mimi si mkewe? Nani amjue kunishinda?

19 Desemba

Mvua imeshuka. Ilianza kwenye miwa ya jirani, tukaisikia inakuja, ikapiga bati. Nilisimama mlangoni nikifurahi kama mjinga. Leo simwagilii.

20 Desemba

Mvua.

21 Desemba

Mvua. Nyanya zangu chini ya bati zimekauka, nimezimwagilia. Ajabu, maji kila mahali na mimi nabeba ndoo.

25 Desemba

Tumekula kaa hospitalini, nimekumenyea. Ulikuwa ukiangalia dirishani tu, mvua inavyotiririka kwenye kioo. Nilikuambia, "Usijali, okidi zako zinakunywa bure." Ukafumba macho.

2 Januari

Jani moja lina doa jeusi. Glenys anasema ni mbolea imezidi.

5 Januari

Majani matatu. Doa linaanzia chini, kwenye shina, laini ukiligusa, kama ndizi iliyosahaulika. Nimekata, nimetupa. Glenys amesema nisiwe na wasiwasi, kila msimu wa mvua huwa na hasara yake. Ana sauti ya kujiamini sana, yule mwanamke. Zamani nilikuwa naipenda.

6 Januari

Mvua.

9 Januari

Kuna harufu bandani. Si ya kinyesi, si ya maji machafu. Tamu kidogo. Nimetafuta panya aliyekufa chini ya meza sikumwona.

12 Januari

Harufu ni okidi zenyewe. Nimeinua chungu kimoja, mmea ukabaki mkononi mwangu na mizizi ikabaki chunguni.

Chotara bado mzima. Ala yake imenenepa. Ninamwangalia kwanza asubuhi kabla ya kuwasha jiko.

13 Januari

Mvua. Barabara ya mtoni imefungwa, sijaja hospitali. Redio inasema kimbunga kiko baharini, hakijaamua pa kwenda.

15 Januari

Kimbunga kimekwenda kusini, kikatuachia mkia wake. Sijawahi kuona maji haya, na nimezaliwa hapa.

17 Januari

Fausto hatausoma ukurasa huu. Nitaukunja, na zitakazofuata pia.

Kev alikuja leo asubuhi na koti la mvua, eti kurudisha msumeno wako. Alipofika mlangoni mwa banda akasimama. Hakutazama okidi. Alitazama meza ya chini ya bati, nyanya zangu.

"Ziko wapi zile za mwamba?" akaniuliza.

"Za mwamba gani?"

"Laelia, Loredana. Zile za mwamba."

Nikamwonyesha meza ya katikati. Alikwenda akatia kidole ndani ya chungu, akakitoa, akakinusa, akakipangusa kwenye suruali. Ndipo akanieleza, na alinieleza polepole kama mtu anayeleta habari za msiba. Okidi zile kwao zinakaa juu ya majabali, jua linazichoma, mvua ikinyesha maji yanateleza yanakwenda zake. Wiki nzima ya kulowa huziumiza. Mwezi huziua. Fausto aliziweka chini ya bati ili zisikie mvua tu bila kuipata.

"Lakini ni Cattleya," nikasema. "Wameshapima. Ni ukoo mmoja."

"Ukoo mmoja, sawa. Mimi na ndugu yangu ni tumbo moja, yeye anaishi Tasmania na mimi nikienda kule nitakufa kwa baridi. Damu ni damu na mvua ni mvua."

Nikamgeukia kwa hasira. "Na kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia usiguse."

"Hukusema kwa nini!"

"Hukuuliza. Ulisema nina wivu." Akainamisha chungu, maji yakatoka. "Na ninao. Lakini si wa kutaka zife."

Tukaanza kuzitoa. Zile zenye majani membamba magumu tulizijua, hata kipofu angezijua kwa kuzishika, na nyingi zilikuwa zimeshaoza. Tatizo ni machotara. Fausto amechanganya kila kitu na kila kitu. Chotara mmoja ana jani la baba na shina la mama, na huwezi kusema nusu ipi ndiyo inayotaka ukavu, hata kwa yule wa nne kwa nne ambaye nakumbuka ana Laelia upande mmoja tu. Ukimtoa mvuani yule wa msituni, atanyauka. Ukimwacha yule wa mwamba, ataoza.

Kev akainua chungu, akasoma lebo ya Glenys: "Cattleya 11 x Cattleya 7." Akainua kingine. "Cattleya 7 x Cattleya 2. Saba ipi hii, Loredana? Ile iliyokuwa Laelia saba au ile iliyokuwa Cattleya saba tangu mwanzo?"

"Sijui."

"Zamani lebo ingeniambia. Ukiona Laelia pande zote mbili, unajua, weka chini ya bati. Zile lebo zake mlizitupa?"

Nilikwenda jikoni nikamletea kopo la aiskrimu. Alitazama ndani, lebo nyeupe tupu zimejipanga, nilizosugua kwa mikono yangu na kujisifu. Alifunika kopo akanirudishia kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kama angenitukana.

Na sasa naandika, na kitu kimoja hakiniachii. Tarehe kumi na nne Desemba. Alivyopiga godoro. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Alikuwa ananiambia hapana. Alijua tangu siku ile ya kwanza, amelala pale akitazama mvua dirishani na kujua, na mimi namwambia zinakunywa bure.

19 Januari

Nimepiga picha kila chotara. Barabara imefunguliwa. Nakwenda.

20 Januari

Nimerudi. Niandike yote kabla sijalala, nikilala sitataka tena.

Nilimkuta ameketi. Nikamwambia ukweli, sikuzunguka. "Fausto, tumeharibu. Tumezitoa chini ya bati. Nisaidie kuzijua." Sikutaka maneno yake, maneno yanatudanganya. Nikatia kidole changu kwenye kiganja chake cha kushoto. "Ikiwa ya ukavu, nibane. Ikiwa ya maji, niache."

Picha ya kwanza. Akatazama muda mrefu. Akanibana.

Ya pili, kimya. Ya tatu akanibana mpaka pete ikaniumiza. Teuila alileta chakula akakiondoa hakijaguswa. Nilikuwa namwandikia Glenys ujumbe kwa kila picha: hii kausha, hii acha. Ndiyo, Glenys. Nilimpigia asubuhi nikamweleza. Kisha akasema, "Ni mimi." Nikamwambia, "Ni sisi." Akasema, "Nakwenda bandani, nitumie." Nikasikia tayari anatafuta viatu.

Jasho lilimtoka Fausto. Kila picha aliisoma mpaka mwisho, ila nyingine alipoona jani limeshakuwa jeusi aliachia kidole changu kabla sijamuuliza, nami nikaelewa nikapita. Tulipofika kwa chotara wake wa moyoni, nne kwa nne, hakubana. Aliufunga mkono wake wote kwenye kidole changu akakishikilia, kama mtoto mchanga anavyoshika.

"Ya ukavu sana," nikasema. "Nimeelewa."

Nikamwandikia Glenys: huyo kwanza, kabla ya wote. Ujumbe haukwenda. Nikapiga, simu hailii. Mnara umezimwa na maji, wakasema watu wa korido.

Niliondoka mbio. Nusu ya njia polisi amesimama na taa yake, maji yamevuka barabara, mawimbi yanapita juu ya vichaka vya miwa kama hakukuwa na shamba. Nilimwomba. Nilimwambia nina mgonjwa nyumbani. Akauliza mgonjwa nani, nikashindwa kusema mmea. Nilikaa garini pamoja na foleni ya malori mpaka leo mchana, mvua inapiga bati la gari, na kila tone nililihesabu kuwa linaingia kwenye kile chungu kimoja.

Nilipofika, Glenys alikuwa amekaa kwenye kiti cha Fausto chini ya bati, amelowa mpaka mifupa, matope mpaka kiunoni. Alikuwa amevuka mfereji wa shamba kwa miguu, mwanamke wa umri ule. Zile nilizomtajia zote alikuwa amezihamisha. Chotara alikuwa bado palepale mezani katikati.

"Hukuniambia huyo," akasema. "Nilimtazama sana. Nikaogopa kumgusa. Nilishagusa vya kutosha."

Doa lilikuwa limeshapanda kwenye mashina mawili. Nilichoma kisu kwenye jiko, nikakata mpaka nikaona kijani safi, nikapaka mdalasini kwenye jeraha kuzuia kuoza. Limebaki shina moja, lenye ala. Nimetupa nyanya zangu zote nje na kumweka chini ya bati, mbali na wale aliowahamisha Glenys.

24 Januari

Mvua.

29 Januari

Zile za mwamba zimekwisha zote. Machotara wanakufa mmoja mmoja, hata waliohamishwa. Kev anasema maradhi yalishaingia ndani. Anakuja kila siku na mdalasini anaouchukua jikoni kwa mke wake. Glenys anakuja naye. Hawagombani tena, na hiyo ndiyo inayoniogopesha zaidi.

8 Februari

Meza ya katikati iko wazi, maradhi yamewamaliza hata Cattleya wenyewe. Nimeisugua kwa klorini.

17 Februari

Teuila ananiuliza kwa nini sileti tena picha. Nimemwambia simu imeharibika.

22 Februari

Tumba limetokeza kwenye ala. Moja tu, jekundu kwenye ncha. Sijamwambia mtu, hata Kev.

1 Machi

Tumba limenenepa. Kwenye shina, chini kabisa, pamekuwa laini. Nimekata tena. Hakuna tena pa kukata.

6 Machi

Mvua imepumzika. Sasa ndiyo imepumzika.

10 Machi

Limefunguka alfajiri. Dogo, jekundu la pilipili iliyoiva, koo lake la njano. Zuri, Mungu wangu. Shina lililolibeba ni jeusi mpaka nusu. Nilimwita Kev. Alilitazama akavua kofia.

"Mche hautamaliza wiki," akasema. "Mpelekee ua. Likate sasa, kabla halijajua kwamba shina limekufa."

11 Machi

Nimemkatia Fausto ua, nikalitia kwenye glasi ya maji, nikaendesha kwa mkono mmoja.

Alipoliona hakulia. Alinyoosha mkono wa kushoto, nikamsogezea. Aliligeuza taratibu, akachungulia koo, akatazama mgongo wa petali, kama anavyofanya siku zote. Nikamuuliza, "Anaitwa nani, Fausto? Ulisema utaniambia akichanua." Midomo ikahangaika. Hakuna kilichotoka. Akaniachia swali langu pale lilipo.

Kisha akaona njiti ya meno kwenye sinia ya chakula. Akaichukua. Mkono wake usio wa kazi, na bado haukutetemeka. Akaiingiza kwenye koo la ua, akaigusisha pale panapostahili, akaitoa. Kwenye ncha yake kulikuwa na chavua, vijipande vya njano, vizima. Nimemwona akifanya hivyo tangu tumeoana, na daima kinachofuata ni kimoja: anageuka kwenye ua la pili, lile la kuwa mama, anapaka chavua pale, na chotara mpya anaanza.

Akageuka. Mkono ukazunguka hewani juu ya shuka, ukatafuta kwenye meza ya dawa, ukatafuta kwenye mfuko wangu. Akaniangalia.

"Mengine yako nyumbani," nikamwambia. "Yote yako chini ya bati. Yanakungoja."

Aliendelea kuniangalia, njiti mkononi.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo, ndiyo."